Ovataimu, kazi ya pili au kubaki na jioni zako: ipi inalipa kweli?

Ratiba_Ngumu:
Wadau, naomba tulinganishe jambo hili kwa hesabu. Mijadala ya kazi za pembeni huwa inaishia kwenye "pambana" kwa upande mmoja na "usijiue" kwa upande mwingine, na mtu anayetaka kuamua anaondoka mikono mitupu.

Nina ajira ya kudumu, saa 48 kwa wiki. Mshahara hautoshi, ila pengo lenyewe lina mwisho, kwa sababu kuna deni la kumaliza. Mbele yangu kuna njia tatu. Bosi wangu ana kazi za ovataimu jioni. Kuna ofisi nyingine inatafuta mtu wa jioni tano, jumla saa 20 kwa wiki. Na kuna njia anayoitetea mke wangu: tuzungumze na anayetudai, tulipe kidogo kidogo kwa muda mrefu zaidi, jioni zibaki za nyumbani. Mliopita huko, mnapimaje?

Hesabu_Kwanza:
Mkuu, anza na wiki nzima ndipo uje kwenye pesa. Wiki ina saa 168. Ukilala saa 8 kila siku, 56 zimekwenda. Kazi 48. Kwenda na kurudi, tuseme 10. Kula, kuoga, kufua, kupika, watoto na yale ya nyumbani yasiyokwepeka, weka saa 4 kwa siku, hiyo ni 28. Umebakiwa na 26. Sasa toa zile 20 za ofisi ya pili na 5 za kuifuata. Imebaki saa moja kwa wiki, na hapo hakuna aliyeugua wala msiba uliotokea. Haitadumu hata wiki mbili. Utaanza kukata usingizi, na utakata bila hata kuamua.

Hatua ya pili, pima malipo kwa kila saa ambayo hupo nyumbani. Ofisi ya pili ukifanya saa 4 na saa moja ikaishia njiani, umetoa saa 5 ukalipwa 4. Ovataimu unaifanyia palepale ulipo. Kama kwako ovataimu inalipwa mara moja na nusu, ofisi ya pili inatakiwa ikulipe karibu mara 1.9 ya kiwango chako cha sasa ili zilingane. Kama ni mara moja na robo, ambacho ndicho kiwango cha chini kilichowekwa na mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1919, inatakiwa ikulipe karibu mara 1.6. Je, ofa yao inafika hapo? Ulizia na kodi pia, maana kipato cha pili kikijumlishwa na cha kwanza kinaweza kukupandisha daraja la makato.

Ratiba_Ngumu:
Haifiki. Wanatoa karibu sawa na kiwango changu cha kawaida. Ovataimu kwetu ni moja na nusu.

Dada_wa_Zamu:
Kaka, mimi nafanya kazi wodini, kwa hiyo nitazungumzia mwili. 48 na 20 ni 68. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio ya pamoja mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba iliyo juu kwa asilimia 17, akilinganishwa na mwenye saa 35 hadi 40. Mwili hauulizi saa hizo zimetoka kwa mwajiri mmoja au wawili. Kwa mwaka 2016 peke yake walikadiria vifo 745,000 vinavyohusishwa na saa ndefu za kazi.

La pili watu hulidharau sana. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupimwa akionekana na wepesi wa akili na mikono unaofanana na wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Ukiamka alfajiri, ukatoka kazi ya kwanza, ukaingia ya pili, ukaanza safari ya kurudi usiku, umeshafika hapo. Nimewauguza watu walioletwa baada ya kusinzia wakiendesha. Sisemi hili kukutisha. Nasema kwa sababu kwenye hesabu zetu za kazi ya pili safari ya kurudi huwa hatuiweki kabisa.

Mtafutaji_2:
Mshika mbili moja humponyoka. Chagua moja ndugu yangu.

Kibarua_Huru:
Mtafutaji_2, methali hiyo inawafaa walio na moja inayoshikika. Mimi nina kazi mbili kwa sababu ya kwanza inanipa saa ishirini na kitu kwa wiki na haiongezi, hata niombe vipi. Sina ovataimu ya kulinganisha na chochote. Wachumi wanaochunguza jambo hili wanatutenganisha vizuri: kuna anayeingia kazi ya pili kwa kuwa ya kwanza imemnyima saa, na kuna anayeingia kwa kuwa ya pili inampa kitu ambacho ya kwanza haina, labda ujuzi, labda furaha, labda mlango wa kutokea. Ushauri wa "baki na moja" haumgusi yeyote kati ya hao wawili.

Kwa watu wa aina yangu, kinachoumiza ni ratiba kuliko wingi wa saa. Mwajiri wa kwanza anabadilisha zamu usiku wa kuamkia zamu yenyewe, na wa pili anataka nithibitishe wiki nzima mapema. Hapo unakuwa na saa za bure ambazo huwezi kuzitumia, kwa sababu unakaa umeshika simu ukisubiri kuitwa. Saa kama hizo kwenye karatasi zinaitwa mapumziko, na mimi nakataa kuziita hivyo. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria mwaka 2019 inayotaka mfanyakazi ajulishwe zamu mapema kwa kiasi kinachofaa, na inayomzuia mwajiri kukukataza kufanya kazi kwingine nje ya muda wake isipokuwa awe na sababu za msingi. Natamani kila mahali pangekuwa na kifungu hicho.

Ratiba_Ngumu, wewe ovataimu unayo. Hali yako ni tofauti na yangu na uitumie.

Usukani_na_Simu:
Naongezea kwa sisi tunaopata kazi kupitia programu ya simu, kwa sababu wengi hukimbilia huku wakiamini ratiba ni yao. Jiwekee kikomo cha saa, usijiwekee lengo la fedha kwa siku. Ukiweka lengo la fedha, siku yenye abiria wengi unafunga mapema na siku mbovu unabaki barabarani hadi usiku wa manane, yaani unafanya kazi nyingi zaidi pale inapolipa kidogo zaidi. Mwaka 1997 watafiti waliona tabia hiyo kwa madereva teksi wa New York. Lakini uchunguzi mkubwa zaidi uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba madereva wengi huongeza saa pale malipo yanapopanda, na wenye uzoefu ndio wanaolifanya vizuri zaidi. Mimi nilipobadilisha kipimo kutoka fedha kwenda saa, jioni zangu zilirudi.

Mtetezi_wa_Jioni:
Nimesoma yote na naona njia ya mke wako imepitwa haraka mno. Mnaizungumzia kama ile ya mtu aliyeshindwa. Mimi naona ndiyo ya kuanza nayo.

Saa za kupumzika zilidaiwa kwa damu. Robert Owen, mwenye kiwanda mzaliwa wa Wales aliyetetea wafanyakazi, alieneza wito wa saa 8 za kazi, 8 za kujiburudisha na 8 za kulala zaidi ya miaka 200 iliyopita. Mei 1886 wafanyakazi wa Chicago waligoma wakitaka saa 8, na kuna walionyongwa baada ya hapo. Azimio la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 24, linataja mapumziko na muda wa starehe kuwa haki. Sasa sisi wenyewe tunakuja kuzigawa kwenye jedwali kama mabaki.

Kuna kisa ambacho kila anayepima fedha na muda angekifahamu. Desemba 1930 kiwanda cha nafaka za kifungua kinywa cha Kellogg huko Battle Creek, Michigan, Marekani, kilibadilisha zamu tatu za saa 8 kuwa zamu nne za saa 6 ili watu wengi zaidi wapate ajira wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi. Watu walilima bustani zao, walisoma, walikuwa na watoto wao mchana. Baada ya Vita Kuu ya Pili idara moja baada ya nyingine zikarudi saa 8, kwa kuwa wengi walitaka kipato kikubwa zaidi. Lakini kundi moja, wengi wao wanawake, lilishikilia saa 6 hadi mwaka 1985. Hao walikuwa wameona pande zote mbili na bado wakachagua muda. Na Iceland, kati ya 2015 na 2019, watumishi wa umma zaidi ya 2,500 walipunguziwa wiki kutoka saa 40 hadi 35 au 36 bila kukatwa mshahara, na sehemu nyingi kazi ilibaki palepale au ikawa bora.

Hesabu_Kwanza, hata ovataimu unayoisifu ina dari. Kumbukumbu za wafanyakazi wa viwanda vya silaha Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza zinaonyesha kwamba zikishapita kama saa 50 kwa wiki, kila saa ya ziada ilizalisha kidogo zaidi, na wiki ya saa 70 haikuwa na tofauti kubwa na ya 56. Mwajiri analipa, mfanyakazi anachoka, kazi haionekani.

Hesabu_Kwanza:
Dari nalikubali, dada. Basi tuliweke kwenye hesabu. Jioni mbili za saa 3 zinamfikisha 54, chini ya ile 55. Kwa malipo ya moja na nusu, saa hizo 6 ni sawa na saa 9 za kawaida. Ofisi ya pili ingemlipa 20 kwa saa 25. Kipato ni kidogo zaidi, sibishi, lakini anabaki na jioni tatu na wikiendi nzima, na akiongeza makubaliano ya kulipa deni polepole, pengo linazibika.

Ratiba_Ngumu:
Nimeongea na mke wangu na tumekwenda kwa tunayemdai. Amekubali kuongeza muda. Kwa hiyo nachukua ovataimu ya jioni mbili. Nimeandika hivi kwa bosi, mniangalizie: "Naomba kufanya saa za ziada jioni mbili kwa wiki kuanzia mwezi ujao, kwa kadiri kazi itakavyohitaji."

Kibarua_Huru:
Futa "kwa kadiri kazi itakavyohitaji". Hilo litakuletea jioni ya tatu, kisha ya nne. Taja siku zenyewe, taja saa 3, taja kiwango cha malipo, na uweke tarehe ya mwisho. Ukihitaji kuendelea utaomba upya.

Dada_wa_Zamu:
Na siku hizo mbili zisifuatane.