Meza tatu za Hisabati: wa kuona, wa kusikia, wa kutenda. Mnaonaje?

Wakuu, nafundisha darasa la pili. Kwenye kikao tumeambiwa kipindi cha Hisabati tuwagawe watoto kwa vipaji: meza moja picha, nyingine nyimbo, nyingine vizibo. Nimekataa.

Chukueni 52 toa 27. Mtoto wa kuimba tu anaandika 35, maana 2 toa 7 imemshinda, kaigeuza 7 toa 2. Nikawapa vijiti: mafungu matano ya kumi yamefungwa mpira, viwili pembeni. Hapo hakuna ujanja, lazima ufungue fungu moja upate 12. Kwa nini meza ya nyimbo inyimwe mafungu hayo?

Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika habari za akili nyingi (kwamba mtu ana akili za aina mbalimbali, si moja tu) mwaka 1983, na mwenyewe amekana kwamba hizo ni mitindo ya kujifunza, yaani huyu wa kuona, yule wa kusikia. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Pashler na wenzake walipitia tafiti, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumpa mtoto somo kwa "mtindo wake" kunamfaulisha.

Mama Pacha: Mwalimu, shikamoo. Wangu mmoja ubaoni hajui kitu, ila gengeni chenji haimpigi chenga. Huyo si wa kutenda?

Mwalimu: Marahaba, mama. Ni wa kutenda gengeni. Nikimwacha kwenye vizibo mwaka mzima, mtihani utamkuta hana pa kushika, karatasi haina vizibo. Aanze na sarafu, achore alichofanya, halafu aandike tarakimu. Wote wapite njia hiyo hiyo.

Mzee wa Bao: Waleteni barazani! Mashimo 32, kete 64, mtoto akishazoea anajua kete yake ya mwisho itadondokea wapi kabla hajaanza kusambaza. Hakuna aliyemuuliza ni wa kuona au wa kusikia.

Mdau wa Kijijini: Mnaongea kama watu wenye watoto ishirini. Mimi ninao 94, madawati yenyewe wanabanana wanne wanne. Vijiti vya nani?

Mwalimu: Hapo umenibana kweli. Kwangu kila mtoto alileta vizibo kumi kutoka nyumbani, wanahesabu wawili wawili. Kelele ipo, na vingine vinaishia mifukoni. Lakini meza tatu kwa watoto 94 utazipanga wapi, ndugu yangu?

Mdau wa Kijijini: Nje, chini ya mwembe. Mvua ikinyesha tunarudi kuimba.