Naomba ushauri: mhariri anataka nivunje vina

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Kirumba, Mwanza. Nimeandika hadithi ya kubuni: mwaka 2090 ziwa limepungua, Jiwe la Bismarck (ule mwamba wa ziwani hapa Mwanza) limesimama nchi kavu, sangara wanafugwa kwenye matangi huko Bugando. Katikati kuna tarbia (mashairi ya mishororo minne kila ubeti) za mvuvi mzee wa Ukerewe, mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho. Jarida la mtandaoni limeipenda, ila mhariri anataka tarbia ziwe mashairi huru, eti msomaji wa hadithi za kisayansi hana subira. (Subira ya kusoma kurasa kumi za matangi anayo!) Mzee yule bila vina simtambui.

Nikubali, au niipeleke kwingine? Na kabla ya kusaini, niulize nini kuhusu haki ya kuichapa kitabuni baadaye?