Mliosoma udaktari, mlifuata jina la chuo au ada? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Mwalimu
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu wa kike kamaliza PCB (fizikia, kemia na baiolojia), kachaguliwa MD, yaani udaktari, sehemu mbili, Dodoma pale UDOM chuo cha serikali, na Moshi pale KCMC chuo cha praivati chenye hospitali yake. Meseji imeingia anatakiwa akonfemu chuo kimoja na nyumbani hakulaliki. Mzee ni mstaafu, anataka Dodoma kwa sababu ada ya serikali anaona inabebeka. Mama na mjomba wanataka Moshi, mjomba anasema hospitali ile ipo toka 1971 hakuna asiyeijua, UDOM imeanza 2007 majuzi tu. Ada ya Moshi ni zaidi ya mara mbili. Mkopo kaomba ila mnajua inavyokuwa, unakonfemu kwanza ndio baadaye Bodi ya Mikopo inatoa majina, unajua umepata kiasi gani au umekosa kabisa. Mimi ni mwalimu haya mambo siyajui. Mliopita huko semeni mlichagua vipi na ikawaje, nadharia tunazo za kutosha hapa nyumbani.

Dripu ya Pili
Serikali. Hapo hakuna mjadala.

Sindano Butu
Naunga mkono hoja.

Mama Pacha
Umenitonesha kidonda. Mimi nilikuwa na nafasi chuo cha serikali mkoani, nikaenda praivati moja yenye jina, sitaitaja. Baba alikuwa bado kazini na ndiye aliyeitaka, alikuwa anatamba ofisini mwanangu yuko pale. Mwaka wa kwanza na wa pili sikuona shida, ada inalipwa kwa awamu, mimi nasoma. Mkopo sikuwa nao maana wakati wa kuomba tulionekana tunajiweza. Nimeingia mwaka wa tatu baba akastaafu, mafao yakachelewa, na ada nayo ikapanda katikati. Ukienda kulalamika wanakufungulia fomu ya kujiunga kuna mstari unasema chuo kinaweza kubadili ada, sasa jamani nani anausoma mstari ule akiwa kwenye furaha ya kuchaguliwa udaktari?

Basi mtihani wa mwisho wa mwaka, nimekesha na famakolojia, nafika mlangoni orodha imebandikwa jina langu halipo. Msimamizi wala hakunifokea, akaniambia mwanangu pita uhasibu mara moja halafu urudi. Uhasibu wakasema bila kumaliza deni hakuna kibali. Nikampigia baba, nasikia anahema tu kwenye simu, baadaye akasema ngoja nimtafute mtu. Nikakaa kwenye ngazi za uhasibu na begi langu mpaka wenzangu wakatoka wanabishana swali la nne jibu ni lipi, na mimi jibu nilikuwa nalijua!! Nikaahirisha mwaka. Mtaani wakasema nimedisko, yaani nimefeli nikafukuzwa, shangazi mmoja akasema ni mimba. Mwaka mzima nikawa nauza duka la dawa la mtu hadi baba alipopata mteja wa kiwanja ndio nikarudi.

Leo niko halmashauri, wodini kwetu tuko madaktari wa vyuo vyote mnavyovijua na ngazi ya mshahara ni ileile. Kwa hiyo kaka, usiangalie ada ya mwaka wa kwanza. Zidisha mara tano, ongeza na mwaka mmoja wa dharura, weka na hela ya chumba na ya kula, halafu mkae na mzee aseme inatoka wapi.

Sindano Butu
Pole sana dokta. Huyo shangazi wa mimba kila ukoo unaye.

Kisu cha Moto
Pole dada lakini tusidanganyane humu, jina lina kazi yake. Mimi ni wa Muhimbili, shule ile inafundisha madaktari toka 1963, nchi nzima ukizunguka unakutana na kaka zako. Unataka kwenda kusomea ubingwa, unataka barua ya kukupendekeza, unataka kuingia kwenye utafiti wa wazungu, kuna mtu wa kumpigia simu. Hayo kwenye ada huyaoni ila yapo.

Kijijini Kwetu
Wameanza sasa. Mimi nimesoma sehemu ambayo nikiitaja watu wananiuliza ipo mkoa gani. Ila nimezalisha, nimeshona, nimetahiri mpaka nikachoka kabla sijamaliza mwaka wa tano. Kwenye mahospitali makubwa mgonjwa mmoja anazungukwa na bingwa, anayesomea ubingwa, intani (daktari aliyemaliza chuo yuko mwaka wa mazoezi), manesi wanafunzi, wewe wa mwaka wa tatu huko nyuma unasoma visogo. Nilivyoenda intani nikapangwa na jamaa wa chuo kikubwa, sindromu zote duniani anazijua kwa majina ya waliozigundua, siku kondo la nyuma limegoma kutoka ananiangalia mimi.

Kisu cha Moto
Hiyo ni mtu na mtu. Na hao wa vyuo vikubwa ndio mnaowaandikia rufaa kila siku.

Kijijini Kwetu
Rufaa tunaandika kwa sababu ya CT skani, sio kwa sababu yako wewe.

Sindano Butu
😂😂😂 Nimekaa pale.

Mlipa Deni
Wote mnasahau Bodi. Mkopo sio sadaka, ukianza kazi wanakata 15% ya mshahara, zamani ilikuwa 8% mpaka sheria ilipobadilishwa 2016. Ukikopeshwa ada ya praivati kwa miaka mitano deni lako na la mwenzio wa serikali ni vitu viwili tofauti, na kazini mnakatwa asilimia ileile, mwenzio anamaliza wewe bado unasindikizana nalo.

Dripu ya Pili
Na kuna ile 6% ya kulinda thamani ya mkopo inaongezeka kila mwaka.

Mlipa Deni
Ilifutwa 2021, Rais alitangaza Mei Mosi. Mnaishi wapi?

Dripu ya Pili
Naishi kwenye makato.

Babu Mkongwe
Mimi naona huyo binti asihangaike na miaka mitano ya kukariri mifupa, aolewe na dokta habari iishe.

Mama Pacha
Babu, hao madokta wenyewe wako mtaani wanajitolea bila mshahara wakisubiri ajira zitangazwe. Utamuozesha kwenye deni la Bodi.

Theluji Nyeusi
Nimesoma uzi wote nikasema ngoja na mimi niseme. Mimi ni wale ambao majina ya hapa tuliyataka, ada za praivati tukaziona, tukaziogopa, akaja wakala akasema kwa hela hiyohiyo unasoma Ukraine, hosteli rahisi, unarudi daktari wa Ulaya. Mzee wangu hilo neno Ulaya likamuingia. Nikaenda Sumy, mji uko karibu kabisa na mpaka wa Urusi, wakati ule nani anawaza mpaka. Chuo sina ubaya nacho, walitufundisha vizuri tu.

24 Februari 2022 alfajiri tumeamshwa na simu za watu wa nyumbani, sisi tulio kule ndio tulikuwa wa mwisho kujua. Wenzetu wa Kyiv na Lviv wakakimbilia mipaka ya Poland na Romania, sisi tumezungukwa, barabara hazipitiki na treni hakuna. Tukahamia chini ya jengo la hosteli, king'ora kikilia mnashuka, kikinyamaza mnapanda kupika harakaharaka. Mwanzoni mwa Machi umeme ukakatika na maji yakakatika, tukawa tunazoa theluji nje na ndoo tunaiyeyusha ndio hiyohiyo ya kunywa na ya chooni. Mama huku Tanga ananitumia sala za sauti, mtandao ukikamata zinaingia zote kwa mpigo. Kuna usiku ndege ilipita chini sana halafu kishindo, dada mmoja wa Nigeria akaanza kuimba kwa sauti kubwa na watu wote mle chini tukaitikia wimbo tusioujua.

Tarehe 8 ndio ikafunguliwa njia, tukapandishwa mabasi hadi Poltava, kutoka hapo treni imejaa watu wamesimama mpaka Lviv, kisha Poland. Nimetua Dar na begi la mgongoni na transkripti niliyoipiga picha kwa simu. Hapo ndio nikajua gharama halisi ya kile kilichoitwa rahisi. Nilikuwa mwaka wa nne. Vyuo nilivyoomba kuhamia, kimoja kikataka nianze upya kabisa, kingine kikanipokea mwaka wa pili, nikashukuru nikaingia. Sasa hivi namalizia wa tano na niliosoma nao PCB ni madaktari wanaonipa rotesheni, yaani wananipangia zamu za kujifunza wodini.

Sindano Butu
Aisee.

Kisu cha Moto
Duh. Pole kaka, bila utani.

Chumvini
Chai hii, umetunga. Lete picha.

Theluji Nyeusi
Chai? Siku zile hata ya rangi hatukuiona.

Babu Mkongwe
Mrusi mwenyewe mlimuona kwa macho?

Mpanda Treni
Na sisi wa China je? Januari 2020 tumekuja likizo ya mwaka mpya wao, mipaka ikafungwa mpaka 2022. Anatomia nimeisomea kwenye simu sebuleni, bando linaisha katikati ya moyo. Anayetaka nje ahakikishe kwanza TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, inakitambua chuo na achukue cheti chao cha kutokuwa na pingamizi kabla hajapanda ndege, na ajue akirudi kuna mtihani wa Baraza la Madaktari unamsubiri kabla ya intani.

Chumvini
Theluji lete picha basi, hata moja.

Mama Pacha
Wewe Chumvini hujawahi kukimbia kitu na ukakumbuka kupiga picha?

Mtoto wa Mwalimu
Jamani jamani, dogo haendi Ukraine wala China. Ni Dodoma au Moshi.

Mchaga wa Dodoma
Mimi nimesoma UDOM japo nyumbani ni Moshi kwa hiyo nyote mnisikilize. Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo palepale chuoni, wanapandikiza figo toka 2018, hiyo ya "chuo kipya" mjomba aifute. Kinachosumbua Dodoma ni vumbi.

Koti Jeupe
Na mimi nimesoma Moshi sijutii hata siku moja, wagonjwa wa rufaa wa kanda nzima wanashuka pale, unaona vitu ambavyo kwingine unavisoma kitabuni. Lakini sikwambii umpeleke, mimi ada nilikuwa na mkopo. Kukonfemu Moshi kwa imani kwamba Bodi watatoa, hapana.

Kijijini Kwetu
Ana pointi ngapi? Kuna Samia Skolashipu toka 2022 kwa waliofaulu sayansi juu kabisa.

Mtoto wa Mwalimu
Kafaulu vizuri ila sio wale wa juu kabisa, majina tumeangalia hayumo.

Kisu cha Moto
Kama ana ndoto za kwenda kufanya mitihani ya Marekani siku za mbele, aangalie vyuo vyote viwili kama vipo kwenye orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari. Vikiwepo vyote basi hilo la jina nalegeza kidogo.

Kijijini Kwetu
Alhamdulillah, kalegeza.

Mtoto wa Mwalimu
Nimemsomea mzee ile hesabu ya Mama Pacha, ya mara tano na mwaka wa dharura. Kakaa kimya, akasema kikokotoo, ile kanuni ya kupiga hesabu ya mafao ya wastaafu, kilishamfundisha kuzidisha na kugawanya, hela hiyo haipo. Mama kanuna. Mjomba anasema atachangia Moshi, nimemwomba aandike anachangia kiasi gani kila muhula, tiki za bluu naziona majibu sioni. Tunaelekea Dodoma, labda litokee jambo leo usiku.

Dripu ya Pili
Nilisema toka mwanzo.

Koti Jeupe
Akonfemu mapema, msisubiri siku ya mwisho mfumo unakuwa mzito, na namba ya siri ya kukonfemu mara nyingine inachelewa kuingia kwenye simu.

Chumvini
Theluji, swali la kweli sasa, hiyo transkripti ya picha ya simu chuo cha huku kiliikubalije?

Theluji Nyeusi
Hawakuikubali. Waliwaandikia Sumy barua pepe, na wale watu vita ipo hivyohivyo walijibu, wakatuma matokeo yangu yote yenye muhuri.

Chumvini
Sawa. Nimefuta ile ya chai.