Platinamu ndani ya granaiti tupu? Waliotengeneza hii gemu ya uchimbaji wametudharau

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nina hasira, nivumilieni. Wasimamizi naomba msiuunganishe na ule wa gemu kali za simu, huu ni wa malalamiko.

Kuna gemu ya kuigiza uchimbaji ambayo vijana wengi hapa Nzega tunaicheza. Jina silitaji, wanaoicheza wameshaijua. Unaanza na leseni ndogo, unachoronga, unasoma sampuli, ukiridhika na mbale (mawe yenye madini) unateremsha duara, yaani shimo la kuchimbia. Tuliipenda kwa sababu madini adimu yalikaa mahali pake. Ukiujua mwamba, unajua pa kuchoronga, na mtu asiye na shilingi mfukoni alikuwa anamwacha mbali mwenye hela.

Sasisho jipya limefuta hayo yote. Sasa madini yamepangwa kwa kina tu. Ukishuka kiasi fulani unakuta shaba, ukizidi dhahabu, chini kabisa platinamu, mwamba uwe wowote ule. Juzi nimechoronga katikati ya granaiti tupu, ile ya kijivu yenye chembe za waridi, haina ufa wala mshipa. Sampuli imetoka na maandishi ya kijani: platinamu, daraja la juu. Nikahamia kwenye mwamba mweusi mzito, ule uliotokana na magma ya chini kabisa, ambako ndiko ningeitafuta. Patupu! Hapo hapo kikajitokeza kidirisha kinaniambia ninunue ramani ya hazina kwa pesa ya simu.

Nimeelewa kwa nini wamefanya hivyo. Mwamba ukiwa unasomeka, nani atanunua ramani?

Tuongee ukweli wa ardhini. Tani moja ya mwamba wa kawaida ina dhahabu ya takriban miligramu 4, na platinamu ni hivyo hivyo, miligramu chache. Mgodi unahitaji gramu kadhaa kwa tani ili ulipe. Maana yake lazima kuwe na kitu kilichoyakusanya madini mara mia kadhaa hadi elfu moja, na kitu hicho hakiitwi kina. Kwa dhahabu ni maji ya moto yaliyopanda kwenye nyufa za miamba ya kale, yakabeba dhahabu iliyoyeyuka, kisha yalipopoteza mgandamizo au kukutana na mwamba wenye chuma yakaitua pamoja na kwatzi, lile jiwe jeupe gumu. Ndiyo maana mchimbaji wa hapa kwetu akiokota jiwe jeupe lenye vitobo vya kutu halitupi. Analitwanga, anaosha unga kwenye karai polepole, maji yanaondoka na uchafu mwepesi, na pembeni unabaki ule mstari mwembamba wa njano. Mzee asiyejua kusoma anajua jiwe lipi la kutwanga na lipi la kuacha. Mgodi wa dhahabu wa Golden Pride ulioanza hapa Nzega mwishoni mwa miaka ya 1990 haukuwekwa pale kwa kubahatisha.

Platinamu ina njia yake. Inakuja na magma kutoka chini sana. Magma ile ikishiba salfa, matone mazito ya salfa yanatengana nayo, yanazoa nikeli, shaba na platinamu, yanazama na kutulia kama tabaka. Afrika Kusini kuna tabaka la Merensky, sehemu nyingi halifiki hata unene wa mita moja, lakini linafuatika kwa kilomita nyingi sana. Na tusiende mbali: Kapalagulu, kusini mwa mji wa Kigoma kandokando ya Ziwa Tanganyika, wanajiolojia walishakuta nikeli, shaba na platinamu kwenye mwamba wa aina hiyo hiyo. Ndugu zake ni Kabanga kule Ngara na Musongati kule Burundi. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo mitatu ulio ndani ya granaiti.

Tena granaiti ina madini yake adimu. Magma yake ikikaribia kuganda, masalia ya mwisho ndiyo yanayobeba bati, tangsteni na tantalamu. Wangeniwekea bati pale nilipochoronga ningewashukuru.

Na hili la kwamba adimu lazima liwe chini kabisa ni uongo mtupu. Musongati nikeli nyingi iko kwenye udongo mwekundu karibu na uso wa ardhi, kwa sababu mvua na joto vimeula mwamba kwa muda mrefu na kuiacha nikeli imejikusanya. Katika gemu hii udongo ule unafukuliwa na kumwagwa kama kifusi.

NIMEONGEZA: kuna mkuu hapo chini kasema "ni gemu tu, cheza uache kelele". Mkuu, wao wenyewe wameandika kwenye tangazo kwamba ni uigaji wa jiolojia halisi, na kwa tangazo hilo wamechukua hela zetu. Pili, hapa nina mdogo wangu aliyeanza kuuliza mambo ya miamba kwa sababu ya gemu hii, akawa anaokota mawe barabarani na kuniletea. Sasa ananiambia platinamu iko popote, ni kuchimba tu kwenda chini. Kumfundisha upya ni kazi yangu, si yao.

Nimewaandikia, jibu limekuja la mashine: asante kwa maoni yako. Sikubali kuishia hapo. Kila mwenye gemu hii apige picha ya sampuli yake, ionyeshe aina ya mwamba, kina na daraja la madini, aiweke hapa. Nazikusanya zote nizitume kwao kwa pamoja, pamoja na dai la kurudishiwa hela kwa kila aliyenunua ramani. Wa Tabora mjini, Igunga, Urambo na Kigoma, nawasubiri.