Mjadala: Meya aliyebaki ofisini Antwerp, aliwakinga watu au alimrahisishia Mnazi kazi?

Mleta mada:
Wakuu, kila yakitajwa mameya wa Ubelgiji chini ya Wanazi, 1940 hadi 1944, utetezi ni uleule: heri akae mwenzetu kuliko waje kumweka wa kwao. Mimi siukubali, na ushahidi wangu ni miji miwili ya nchi hiyohiyo.

Juni 1942 Wajerumani waliamuru Wayahudi wavae nyota ya njano, manispaa ndizo zizigawe. Kule Brussels, kaimu meya Jules Coelst aliwajibu kwa niaba ya mameya wenzake wa manispaa za jiji kwamba hawatashiriki amri inayokanyaga utu wa binadamu waziwazi namna ile. Wajerumani wakazigawa wenyewe. Antwerp, kwa meya Leo Delwaide, ofisi za jiji ziligawa bila matata.

Agosti polisi wa jiji la Antwerp walianza kwa kufunga mitaa Wajerumani wakikamata watu. Usiku wa tarehe 28 kuamkia 29 wakakamata wenyewe, zaidi ya watu 900. Msako mkubwa wa Brussels, Septemba 3, ulifanyika bila polisi wa jiji. Hadi vita inaisha, Antwerp kama Wayahudi wawili kati ya watatu walikuwa wamesafirishwa kwenda kambi za mauaji. Brussels ni theluthi moja na ushee.

Mchangiaji 1:
Mkuu, umeipamba mno Brussels. Desemba 1940 ilifungua rejista ya Wayahudi kama manispaa nyingine. Aliyekuja kuwasaka alikuta majina na anwani zimeshapangwa. Utu ulikuwa wapi siku hiyo?

Na huyo Coelst alidumu? Septemba hiyohiyo ya 1942 Wajerumani waliunganisha manispaa kuwa Brussels Kuu, wakamweka Jan Grauls, mtu wao. Alichokuwa anakihofia Delwaide ndicho hicho.

Mleta mada:
Rejista nakupa, ni doa. Ila Grauls alipoingia, nyota zilikuwa zimeshakataliwa na msako wa Septemba umeshapita. Brussels ilipata wiki chache, na mtu wa kujificha wiki moja inamtosha. Delwaide alikaa hadi mwanzoni mwa 1944. Alimkinga nani mwaka 1942?

Mchangiaji 2:
Nyote mnaongea mameya tu. Tofauti ya Brussels ilitoka pia mtaani. Septemba 1942 iliundwa Kamati ya Kutetea Wayahudi, Wayahudi na wasio Wayahudi pamoja, ikaficha maelfu ya watoto kwenye familia, nyumba za watawa na shule za bweni. Mtoto aliyefichwa anakula, na chakula kilikuwa kwa kadi ya mgao. Kadi zinatoka ofisini. Kwa hiyo karani mdogo alikuwa na uamuzi wake, sawa na mtendaji wa mtaa anayejua nani analala nyumba gani.

Hata Antwerp msako uliokusudiwa Agosti 27 ulivuja, na baadhi ya waliouvujisha walikuwa polisi. Ndiyo maana siku iliyofuata polisi walitishwa na kupewa kazi yenyewe. Msiwatie wote kapu moja.

Mchangiaji 1:
Hapo umenisaidia. Waliotishwa ni polisi, si meya peke yake. Na Antwerp Wayahudi wengi waliishi mitaa michache karibu na stesheni kuu, wepesi kuzingirwa. Asilimia haziwezi kubebeshwa mtu mmoja.

Mleta mada:
Si asilimia zote, ndugu. Namdai nyota na polisi, vilivyokuwa chini ya ofisi yake. Wale waliovujisha nawapa heshima yao, lakini walifanya kwa kujificha, wakimkwepa bosi. Coelst alikataa kwa barua.

Mchangiaji 3:
Nashangaa hamjagusa ya baada ya vita. Delwaide hakuhukumiwa. Alirudi kwenye siasa, akasimamia bandari ya jiji miaka mingi, na gati kubwa likapewa jina lake. Meya wa Antwerp aliomba radhi kwa niaba ya jiji 2007, kwa mchango wake katika misako hiyo, na hata hapo wapo wanasiasa waliolalamika. Gati limebadilishwa jina juzijuzi tu, sasa ni Gati la Ukombozi. Anayemtetea aeleze kwanza kwa nini jiji lake lilichukua zaidi ya miaka sitini kulitamka kosa hilo.