Mjadala: Programa aliyeinuka kwenye kompyuta yuko kazini au anategea?

Mleta mada: Wakuu, programa (mwandishi wa programu za kompyuta) amekwama na kosa moja tangu asubuhi. Anainuka, anatembea. Au anaanza kumweleza bata wa mpira aliye mezani kwake jinsi programu inavyofanya kazi. Bosi anapita, anaona. Muda ule ni kazi?

Nasema ni kazi, ila awe ameshahangaika na tatizo kwanza. Habari ya bata si utani: Andrew Hunt na David Thomas, nao programa, waliiandika kitabuni mwaka 1999, ikaenea. Chukua orodha ya vitu 10, ambavyo kompyuta inavipa namba 0 hadi 9. Msimbo, yaani maagizo ya programu, umeandikwa upitie kitu kimoja kimoja mpaka namba 10. Ukiusoma kimoyomoyo jicho linateleza, kwa sababu unasoma ulichokusudia, si ulichoandika. Sasa sema kwa sauti: "naanza 0, nakuja 1, nakwenda mpaka 9, halafu 10..." Ulimi unagoma. Kumi ipi? Na bata hajafungua mdomo.

Mchangiaji A: Kueleza sawa, kutembea sikubali. Kila mtu anakumbuka siku jibu lilipomjia bafuni. Siku alizorudi mikono mitupu nani anazihesabu? Mkiruhusu hili, kila mvivu atakuwa "anafikiri".

Mchangiaji B: Mkuu A, hesabu zimefanyika. Mwaka 2009 watafiti Sio na Ormerod walichambua tafiti 117 kuhusu kuweka tatizo kando. Kwa jumla inasaidia, ingawa si sawasawa kwa kila aina ya tatizo. Na sharti la mleta mada limo humo: waliojiandaa kwa muda mrefu zaidi kabla ya kupumzika walifaidika zaidi.

Sababu mojawapo ni hii. Mwaka 1942 mwanasaikolojia Luchins aliwapa watu mafumbo ya kupima maji, mfululizo, yote yakitatuliwa kwa njia ileile ndefu. Kisha akawapa vyombo vya ujazo wa 23, 49 na 3, wapate 20. Wengi walifanya 49 toa 23, toa 3, toa 3 tena. Jibu sahihi! Lakini 23 toa 3 ilikuwa inawatazama usoni. Programa aliyekwama ndivyo alivyo, na kuikodolea skrini hakumtoi hapo.

Mchangiaji A: Haya, nalegeza kidogo. Lakini tafiti hizohizo si zinasema ukijaza mapumziko na kazi nzito ya akili, faida inapungua? Basi anayeondoka kwenye msimbo akaingia kikao cha bajeti hajapumzika. Hapo wa kulaumiwa ni bosi.

Mchangiaji C: Mnasahau anayeelezwa. Bata hana kazi nyingine, jirani yangu anayo. Ukimgusa bega, uzi wake wa mawazo umekatika, na mara nyingi unajijibu mwenyewe kabla hujamaliza swali, unasema "aa, basi", unaondoka. Yeye ndiye anabaki kutafuta alipoishia.

Mleta mada: C, kweli. Lakini bata haulizi "una uhakika faili hilo ndilo linalosomwa?" Kama kosa liko kwenye jambo unaloamini bila kulikagua, utamweleza bata uongo wako vizuri kabisa, naye atakubali. Mimi naanza na bata. Akishindwa, naandika tatizo lote kwenye ujumbe, jirani ausome akipata nafasi.

Mchangiaji C: Na nusu ya jumbe hizo hazitatumwa, maana utajijibu ukiwa unaandika. Hilo naliunga mkono.