Wakuu, mkono unakufa ganzi nikiwa juu ya pikipiki na hesabu haisubiri. Nifanyeje?

Resi Kidogo

Habari za muda huu wakuu.

Mimi ni bodaboda, kijiwe changu Mbezi Mwisho, huu ni mwaka wa tatu nipo barabarani. Pikipiki ni ya mkataba, cc 150, imebaki miezi saba iwe yangu.

Shida ni mikono. Ilianza kama utani mwezi wa nne. Nikitoka Mbezi kwenda Tegeta kwa njia ya Goba, nikifika vidole vya mkono wa kulia vimekufa ganzi. Nakung'uta kidogo, ganzi inaachia, maisha yanaendelea. Sasa hivi hata kilomita tano sifikishi. Usiku ndiyo balaa: saa nane naamka vidole vinawaka kama nimemenya pilipili, naning'iniza mkono pembeni ya kitanda ndipo usingizi unarudi.

Mkono wa kushoto nao una lake. Ganzi hauna, ila unauma kwenye kifundo upande wa dole gumba, hasa jioni nikishakaa sana kwenye foleni.

Duka la dawa walinipa diklofenaki na vidonge vya vitamini B. Nimemeza wiki mbili, maumivu yanapungua, ganzi iko palepale. Kila ninayemuuliza ananiambia pumzika mwezi mzima. Hesabu ninayompelekea tajiri mwenye pikipiki ni elfu kumi kila siku isipokuwa Jumapili. Nikilala ndani mwezi, tajiri anachukua chombo chake. Kwa hiyo ushauri wa "pumzika" ninao tayari, naomba mwingine.

Natanguliza shukrani.

Ndondocha

Hapo kuna mtu wa kijiweni kakuonea wivu wateja. Nenda Bagamoyo ukatazamiwe.

Mzee wa Gia Nne

Ndondocha, mwenzako halali usiku, we unaleta mizaha.

Mdogo wangu pole. Nimeendesha Singida mjini miaka tisa kabla sijafungua duka, kwa hiyo hayo mambo nayajua. Watu wengi wakisema "mikono inauma" wanachanganya magonjwa matatu kwenye kapu moja. Jibu haya kwanza: ganzi iko vidole vipi hasa, vyote au baadhi? Unabeba mishikaki, yaani abiria wawili kwa mpigo? Ukiwa unaendesha viwiko vimekunjika au vimenyooka kama unasukuma mkokoteni? Na uliwahi kuanguka ukatua kwa kiganja?

Resi Kidogo

Shikamoo mzee wangu.

Gumba, cha shahada na cha kati. Cha mwisho hakina neno. Cha pete kinakufa nusu tu, ule upande wa cha kati. Nilidhani najidanganya ndiyo maana sikuandika.

Mishikaki sikatai, asubuhi nina wanafunzi wawili wa shule moja, mama yao analipa kwa mwezi. Viwiko sijawahi kuviangalia, ila nadhani vimenyooka. Kuanguka nilianguka mwaka jana, nikatua kwa bega.

Kiganja

Nafanya kazi kitengo cha fiziotherapia, hospitali ya mkoa, sitaji wapi. Mkuu, hujidanganyi. Hiyo nusu ya kidole cha pete ndiyo inayonipa picha.

Pale kwenye kifundo, upande wa kiganja, kuna kijia chembamba kilichozungukwa na mifupa chini na utepe mgumu juu. Tunakiita handaki la karpali. Humo inapita neva ya mediani, yaani mshipa wa fahamu, ikiwa imebanana na kano 9 zinazokunja vidole. Neva hiyo ndiyo inayohudumia gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kano zikivimba kwa kukamatia usukani kutwa nzima, anayeumia ni neva, kwa sababu handaki halitanuki. Ongeza mtikisiko wa injini, ongeza kifundo kilichokunjwa kwenda nyuma kila unapovuta resi, unapata hicho ulichonacho. Usiku inazidi kwa sababu wengi wetu tunalala tumekunja vifundo bila kujua.

Jipime hivi: gusanisha migongo ya viganja vyako viwili mbele ya kifua, vidole vikiangalia chini, kaa hivyo dakika moja. Ganzi ikija kwenye vidole vilevile kabla dakika haijaisha, una sababu ya kwenda kuthibitisha hospitali. Mkono wa kushoto ni kitu kingine. Ficha gumba ndani ya ngumi, halafu inamisha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Ukiona nyota upande wa gumba, ni kano za gumba zimechoka.

Kuhusu dawa: vitamini B humsaidia mwenye upungufu wa vitamini, haimtoi mtu aliyekaliwa na gunia. Na hiyo diklofenaki wiki mbili mfululizo bila daktari, tumbo na figo zako zitakuja kukudai. Iache kwanza.

Kitu cha bei ndogo chenye faida kubwa ni kifaa cha kushikilia kifundo kikae sawa usiku. Maduka ya vifaa tiba wanavyo, vina kibati au plastiki ngumu ndani. Kifundo kinyooke, kisikunjwe mbele wala nyuma, na usikaze mpaka vidole vivimbe. Mchana ukiwa juu ya chombo usikivae, utashindwa kushika breki.

Halafu kapime sukari. Kisukari na tezi ya shingo iliyolegea kazi vyote huleta ganzi ya namna hii, na vijana wengi hawajui kama wanacho. Ukianza kuangusha vikombe, au ile nyama iliyo chini ya gumba ikianza kubonyea, usisubiri ushauri wa humu. Nenda siku hiyohiyo.

Mama Zawadi

Mimi pikipiki sijui hata kuiwasha, ila hicho alichoeleza Kiganja kilinipata nikiwa na mimba ya miezi saba. Nilikuwa nashindwa kufunga kanga. Nilipojifungua kikapotea chenyewe. Kile kifaa cha usiku kilinisaidia sana, usikidharau kwa sababu ni cha bei ndogo.

Spana Kumi

Daktari kamaliza upande wake, sasa tuje kwenye chombo. Mikono ya bodaboda wengi inaharibiwa na fundi wa siku ya kwanza. Pikipiki inafunguliwa kwenye boksi, jamaa anafunga leva zinaangalia mbele moja kwa moja, wengine mpaka juu, na mtu anaendesha hivyo miaka mitatu hajawahi kugusa ile nati. Anadhani zimeumbwa hivyo.

Panda pikipiki ikiwa imesimama, kaa unavyokaa siku zote, fumba macho, weka viganja kwenye usukani na unyooshe vidole. Kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole uwe mstari mmoja. Vidole vinapoangukia ndipo leva inatakiwa iwe. Mara nyingi utakuta inatakiwa ishuke. Legeza kwa spana namba 10, shusha, kaza. Dakika tano. Fanya pande zote mbili, klachi na breki.

Sasa huo mkono wako wa kushoto. Waya wa klachi umeubadilisha lini? Chomoa upande wa chini uuvute kwa mkono. Kama unakwaruza au unagoma, hapo kila ukibonyeza klachi unapambana na kutu, na foleni ya Kimara unabonyeza mara mia ngapi? Waya mpya haufiki elfu kumi. Kama hela haipo leo, chomoa upande wa juu, funga kijimfuko cha nailoni kama faneli, mimina oili kidogo, acha usiku kucha ishuke yenyewe mpaka itokee chini. Baada ya hapo acha leva icheze kama milimita 2 au 3, ukipimia pale shinani mwa leva, kabla haijaanza kuvuta. Ikicheza sana unavuta mbali bure, isipocheza kabisa unachoma pleti.

Waya wa resi nao uangalie. Ukiachia resi na hairudi yenyewe upesi, mkono wako wa kulia unafanya kazi mbili.

Mtikisiko: kagua bolti zinazoshika injini, gololi za shingo ya usukani, na spoki zilizolegea. Na upepo! Vijana wa pancha wanajaza tairi mpaka linakuwa jiwe, eti lisinyonye mafuta. Kila shimo la barabara za ndani linaingia kifundoni. Jaza kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha chombo, siyo cha mtu wa pampu.

Resi Kidogo

Daah. Waya wa klachi sijawahi kuubadilisha, niliukuta.

Ila kuna kitu sijasema. Vishikio nimezungushia mpira wa chubu, raundi tatu kila upande. Niliambiwa unakula mtikisiko.

Nduthi ya Ruaka

Hapa kwetu wengi tunaweka sponji, na juu yake zile glavu kubwa za ngozi zinazofungwa kwa usukani, manake baridi ya asubuhi Limuru si mchezo. Mkono ukiwa na baridi unashika kwa nguvu bila kujua, na ganzi inakuja mbio. Mimi chubu naiunga mkono, imenisaidia.

Spana Kumi

Inategemea mkono wa mtu, ndugu yangu. Raundi moja sawa. Raundi tatu kishikio kinakuwa kama mchi wa kinu, vidole havikutani, unakamua muda wote ili kisikuponyoke. Mtikisiko umepungua, umeongeza kukamua. Resi Kidogo toa zote, nunua vishikio vipya laini, tafuta vyembamba.

Safari Ndefu

Mimi si bodaboda, ni mtu wa safari. Dar mpaka Mbeya nimeshaenda kwa pikipiki mara nne, zaidi ya kilomita 800, na safari ya kwanza niliingia Iringa siwezi kufungua kofia ngumu. Aliyeniponya alikuwa dereva wa lori pale Ilula. Aliniambia kitu kimoja: "Wewe umeubeba usukani, au usukani umekubeba wewe?"

Nilikuwa nimelalia mikono. Uzito wa kiwiliwili chote ulikuwa kwenye viganja. Bana tanki kwa magoti, sogeza makalio nyuma kidogo, mgongo ujibebe, viwiko vikunjike kidogo kama mbawa za kuku aliyetulia. Vidole vishike usukani kama umeshika kifaranga. Ukiweza kupiga piga vidole kama kinanda ukiwa kwenye mwendo, umeshika sawa.

Ndiyo maana Mzee wa Gia Nne kauliza mishikaki. Abiria wawili wanakusukuma juu ya tanki, kila breki wanakulalia, na wewe unawazuia wote kwa vifundo vya mikono. Achilia mbali trafiki.

Kuna pia kibao kidogo cha plastiki kinachobanwa kwenye kishikio cha resi, unakiegemeza kiganja badala ya kukamata. Kwa safari ndefu ni kizuri. Mjini sikushauri, ukigeuza geuza kwenye watu unaweza kukigusa hicho kibao, chombo kikaruka. Na nimeona vijana wanafunga resi kwa mpira wa manati ili wapumzishe mkono. Huyo hapumzishi mkono, anatafuta kupumzika jumla.

Mzee wa Gia Nne

Kuhusu kupumzika. Hujapata mwezi, sawa, lakini huwezi kukosa saa tatu. Saa sita mpaka saa tisa kijiwe kinakuwa kimelala. Mpe chombo deiwaka mwaminifu, dereva wa kukushikia zamu, akuletee elfu tatu, wewe mkono unapoa. Na kila ukishusha abiria, kabla ya kugeuza, shusha mikono, kung'uta, fungua na kufunga viganja mara kumi. Mimi watu walinicheka kwamba nasalimia hewa.

Resi Kidogo

Wakuu narudi na mrejesho, leo siku ya kumi na nne.

Kipimo cha Kiganja: mkono wa kulia haukufika nusu dakika. Nikaenda hospitali, daktari akasema hilohilo, kanipa tarehe ya kurudi. Sukari iko sawa, nashukuru Mungu. Kifaa cha usiku nimenunua. Siku tatu za kwanza nilikuwa nakivua usingizini, mke wangu akawa anakirudisha. Sasa naamka labda mara moja kwa wiki, zamani ilikuwa kila usiku.

Waya wa klachi ulipotoka fundi aliwaonyesha watu. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika ndani, zinakwaruza. Tumeweka mpya, leva zimeshuka, kushoto kwangu maumivu yamepungua sana. Chubu nimetoa. Upepo nao walikuwa wananijazia mno.

Ganzi ya mchana bado ipo, ila inaanza baada ya Goba, siyo kabla. Wanafunzi nimembakisha mmoja, mama yao amenuna, kasema atatafuta bajaji. Tajiri kuhusu deiwaka kakubali kwa masharti, likitokea la kutokea ni juu yangu.

Kiganja

Vizuri. Kifaa cha usiku usikiache kwa sababu unalala, kipe wiki sita. Ganzi ikibaki baada ya hapo kuna sindano ya pale kwenye kifundo, na ikishindikana kuna upasuaji mdogo wa kukata ule utepe. Kadi ya kliniki usipoteze.

Ndondocha

Kwa hiyo Bagamoyo huendi tena?

Resi Kidogo

Nauli yake nimenunulia waya.

Msafiri wa Chato

Samahani kwa kuingilia uzi. Mimi ganzi iko kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, mkono wa kulia. Nifanye hayohayo?

Kiganja

Hapana, hiyo ni neva nyingine, ya alna. Inapita nyuma ya kiwiko na kwenye kisigino cha kiganja. Angalia ni wapi unapoegemea: kisigino cha kiganja kwenye ukingo wa kishikio, au kiwiko dirishani ukiwa na gari? Na usiku unalala umekunja kiwiko? Nijibu hayo kwanza.